Kuishi na Kipandauso Siku kwa Siku

(Maelezo ya wanachama watano, yaliyosomwa na mmoja wao kwa niaba ya wenzake katika mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa hai. Miaka kumi si mchezo. Wapo waliosema kikundi hiki hakitamaliza hata msimu mmoja wa mvua, na leo wamekaa hapa pamoja nasi wanakula pilau. Karibuni sana.

Wenzetu waliotangulia kuzungumza wameeleza habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Sisi watano tumeombwa tuzungumzie kichwa. Tuliona baadhi yenu mkicheka mlipoisoma ratiba. Hatukulaumu, maana hata humu kikundini jambo hili lilianza kwa kuchekwa, likakaribia kututoa machozi. Tunaomba mtusikilize kidogo.

UFUNGUO ULIORUDISHWA

Wanachama wa mwanzo mnakumbuka. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa akina mama watatu wa nyumba tofauti. Bila wote watatu sanduku halifunguki. Ndiyo kanuni, na ndiyo iliyotulinda mpaka leo.

Katika mwaka wetu wa tatu, mmoja wa washika funguo hakuja mkutanoni. Tulikaa chini ya bati toka saa nane mchana mpaka saa kumi, thelathini tulivyo, jua la Oktoba linavyojulikana hapa Dodoma. Alikuwapo mama aliyekuwa achukue mkopo siku ile ile kwa ajili ya ada ya mtoto. Akaondoka mikono mitupu. Maneno yakaanza. Eti anaringa. Eti mvivu. Mwingine akasema, "Kichwa tu! Nani hapa haumwi kichwa?" Akapigwa faini.

Mwaka ule ule ikatokea tena, akapigwa faini tena. Mara ya tatu alimtuma mwanawe na ufunguo umefungwa kwenye pindo la kitambaa, na ujumbe kwamba jina lake likatwe kwenye daftari, yeye basi.

Mwenyekiti hakukata jina. Alichukua wajumbe wawili wakaenda nyumbani kwake. Walimkuta amelala chumbani, dirisha limezibwa kwa khanga, kitambaa kibichi usoni, beseni la matapishi pembeni. Walipofungua mlango mwanga ukaingia, akajifunika uso kama mtu aliyepigwa. Hapo ndipo walipoelewa kwamba mwenzetu hakuwa anaringa. Mwenyewe ameturuhusu tuyaseme haya, ila jina lake hatulitaji.

Katika mkutano uliofuata Mwenyekiti aliuliza swali moja: nani mwingine ana kichwa cha namna ile? Kimya. Kisha mkono mmoja ukapanda, na mwingine. Tukafika watano. Watano kati ya thelathini, na kila mmoja alikuwa akidhani yuko peke yake.

KIPANDAUSO NI NINI

Kila mtu huumwa kichwa siku moja moja, akachoka, akalala, kikapona. Kipandauso si hicho. Mara nyingi hushika upande mmoja, kikagonga kama mchi kwenye kinu. Ukiinama kuchota maji kinazidi. Tumbo linachafuka, unatapika. Mwanga unachoma, sauti ya redio ya jirani inakuwa adhabu, na hata harufu ya kitunguu kinachokaangwa haivumiliki. Kwa mtu mzima asiyepata dawa hudumu saa 4 hadi siku 3. Kikiondoka kinakuacha mwili umelegea kama umetoka kuugua wiki nzima.

Baadhi yetu hupewa taarifa mapema. Siku moja kabla mmoja wetu hupiga miayo hovyo na shingo kumkaza. Mwingine huona vimulimuli na mistari ya kukunjamana ikitembea mbele ya macho, kwa dakika kama ishirini au nusu saa, halafu maumivu yanaanza. Mara ya kwanza alidhani anapofuka.

Tulielezwa na mganga wa zahanati kwamba huu ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu na ubongo. Ubongo wa mwenye kipandauso huamka upesi kwa mambo ambayo mwingine hata hayasikii, na mara nyingi hali hiyo hurithiwa. Ukiuliza vizuri utasikia bibi naye alikuwa akijifunga kitambaa kichwani na kujifungia ndani. Si uchawi, si uvivu, wala si wazimu. Hapa kwetu mtu akilalamika kichwa siku nyingi hakosi wa kumtania kwamba atapelekwa Mirembe. Jamani, Mirembe ni hospitali, inatibu wagonjwa tangu mwaka 1927, na kuumwa kokote si tusi. Ila kipandauso ni ugonjwa mwingine.

Wala si sisi watano tu. Duniani wanakadiriwa kuwa watu zaidi ya bilioni moja. Na msidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Kwa jirani zetu wa Haydom, wilaya ya Mbulu, mwaka 2003 na 2004 watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakauliza watu zaidi ya 7,000. Kipandauso walikikuta, na wanawake waliokuwa nacho walikuwa karibu mara tatu ya wanaume. Sababu mojawapo ni homoni zetu. Wengi huanza kukipata wanapovunja ungo, hukaza siku za hedhi, na kwa wengi hupungua hedhi ikishakoma. Kwa hiyo likitajwa hili kwenye kikundi cha akina mama, limetajwa mahali pake.

Kabla ya kuyajua haya tulihangaika. Mmoja wetu alimeza dawa za malaria mara nne katika mwaka mmoja bila kupimwa damu hata mara moja. Mwingine ana chale kwenye paji la uso mpaka leo. Mwingine aligombana na jirani yake miaka miwili kwa kudhani ndiye anayemtupia. Tukirudi nyuma tunaona haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

DAFTARI LA KICHWA

Kitu cha kwanza kilichotusaidia hakikuwa dawa. Kilikuwa daftari. Kikundi kilikwisha kutufundisha kwamba fedha isiyoandikwa hupotea. Tukasema na kichwa tukiandike vile vile.

Kila mmoja alinunua daftari la kurasa arobaini, akapiga mistari. Tarehe. Kichwa kimeanza saa ngapi na kimekwisha saa ngapi. Usiku ule nililala saa ngapi. Nilikula nini na saa ngapi. Nilikunywa maji kiasi gani. Niko siku gani ya hedhi. Nimemeza dawa gani, vidonge vingapi. Asiyejua kuandika aliandikiwa na mtoto wake wa shule. Tukaandika miezi mitatu bila kukosa.

Daftari likasema mengi. Muuza nguo za mitumba aligundua kwamba kichwa chake hupanda jioni ya siku ya mnada wa Msalato au kesho yake. Siku hizo aliondoka alfajiri na chai ya rangi tupu, akashinda juani mpaka saa tisa bila kula wala kunywa maji kwa kuogopa kutafuta choo. Yule jirani aliyekuwa akishukiwa hakuwa na habari kabisa. Walikwisha kupatana.

Mwingine kichwa chake kilikuwa cha Jumapili. Siku sita aliamka saa kumi na moja na kunywa chai nzito vikombe viwili. Jumapili alilala mpaka saa tatu, chai hakuna mpaka atoke kanisani. Mwili uliozoea chai ukinyimwa ghafla hudai kwa kichwa, na kulala kupita kiasi nako kunaweza kuamsha kipandauso kama kukosa usingizi.

Tunasisitiza kwamba vichokozi vya mtu mmoja si vya mwingine. Mwenzetu mmoja akinywa mvinyo nusu glasi tu, hata huu wa zabibu zetu wenyewe za Dodoma, kesho yake haamki. Mwingine hana tatizo nao. Usikatazwe chakula na daftari la jirani. Andika la kwako.

NYUMBANI, SOKONI NA SHAMBANI

Kipandauso hakina dawa ya kukiondoa moja kwa moja. Tunakipunguza kidogo kidogo kila siku, kama tunavyonunua hisa. Haya ndiyo tuliyoyafanya.

Kula asubuhi. Si lazima mkate na mayai. Kiporo cha ugali na mlenda, uji wa uwele, karanga kiganjani, vyote vinatosha. Chai tupu si chakula. Anayekwenda sokoni au kuvuna zabibu abebe kitu cha saa nne.

Maji. Nchi yetu hii ni kavu, mvua ni ya msimu mmoja tu, na upepo wa Julai na Agosti hukausha mtu bila yeye kutoka jasho analoliona. Tunabeba chupa ya maji kama tunavyobeba kitambulisho. Usingoje kiu.

Jua na vumbi. Kofia pana au mtandio mwepesi, na meza ya biashara igeuzwe isitazame jua la mchana. Mama wa nyanya alihamisha meza yake upande wa pili wa mwembe, basi. Hakutumia hata shilingi.

Moshi. Anayepika kwa kuni afungue mlango na dirisha, au ahamishie mafiga nje upepo ukiruhusu.

Usingizi. Kulala na kuamka saa zile zile, hata siku ya mapumziko. Hili ni gumu kwa mama mwenye mtoto mchanga, tunajua. Ndipo mume, mama mkwe na watoto wakubwa wanapohitajika.

Mawazo. Hatuwezi kumwambia mtu aache kuwaza ada na kodi ya nyumba. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016 kodi za nyumba zimepanda, wote tumeziona. Ila tumejifunza kwamba kichwa hupenda kushika hata baada ya shughuli kwisha, ukishapumua. Kwa hiyo siku ya marejesho na siku ya pili yake tunajihadhari zaidi kwa kula na kulala.

SIKU KINAPOPANDA

Pamoja na yote hayo, siku moja kitapanda. Usishindane nacho. Acha ndoo. Ingia mahali penye giza na ukimya, weka kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso, lala ukiweza. Meza dawa mapema, maumivu yakianza tu. Ukingoja mpaka utapike, dawa haikai tumboni na tumbo lenyewe linakuwa zito kuipokea.

Kila mmoja wetu ana mama wa karibu tuliyepatana naye kabla. Anachukua watoto, anaangalia jiko, anapeleka ujumbe. Ukiwa mgonjwa huwezi kuanza kueleza. Mtoto hutumwa na neno moja tu, "Mama uso," na jirani anajua la kufanya.

DAWA NI KAMA MKOPO

Hapa tunaomba mtusikilize sana, kwa sababu hapa ndipo wengi tulipoharibu.

Dawa za kawaida za maumivu zinasaidia kipandauso, zikitumika vizuri. Mtu mzima humeza parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500, na kwa siku nzima asipite vidonge 8. Aspirini na ibuprofeni huwasaidia wengi zaidi, lakini si za mwenye vidonda vya tumbo, na mjamzito asizimeze bila kuandikiwa. Uliza kwanza kwenye zahanati au kwa muuzaji aliyesomea wa duka la dawa muhimu. Usinunue za kwenye kikapu stendi.

Dawa ya maumivu ni mkopo. Ukikopa mara moja moja ukarejesha, inakujenga. Ukikopa leo kulipa deni la jana, umekwisha. Mmoja wetu alipolifungua daftari lake mbele ya mganga, kati ya siku 30 alikuwa amemeza dawa siku 22. Mganga akamwambia, "Mama, sasa dawa yenyewe ndiyo inayokuuma." Ndivyo ilivyo. Ukimeza dawa hizi siku 15 au zaidi kwa mwezi, au siku 10 kwa zile zilizochanganywa na kafeini au kodeini, ubongo huzizoea, na zikiisha mwilini kichwa kinarudi. Alizikatisha kwa usimamizi wa mganga. Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya kuliko zote, alitaka kukata tamaa. Wiki ya tatu kikaanza kulegea. Leo anapata kipandauso mara mbili kwa mwezi, wala si kila siku. Kanuni yetu sisi: dawa ya maumivu isizidi siku 2 kwa wiki. Ikizidi, nenda ukaonwe.

Kwa yule ambaye kinamshika mara nyingi, ziko dawa za kuzuia, zinazomezwa kila siku hata kichwa kisipouma. Mbili za bei nafuu ni propranololi na amitriptilini. Hizi huandikwa na daktari tu, kwa sababu propranololi ni hatari kwa mwenye pumu, na amitriptilini huleta usingizi. Huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, usiziache siku ya tano ukasema zimeshindwa.

Na jambo moja la akina mama. Ikiwa kabla ya kichwa unaona vimulimuli na mistari, mwambie muuguzi wa uzazi wa mpango kabla hajakupa vidonge. Vile vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari ya kiharusi kwa mtu wa namna hiyo. Njia nyingine zipo, atakuchagulia.

USIKAE NYUMBANI

Kujua kipandauso kusitufanye tukaita kila kichwa kipandauso. Nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku, ikiwa:

– kichwa kimelipuka ghafla, kikali kuliko chochote ulichowahi kukipata;
– kuna homa na shingo imekakamaa, au mtu anachanganyikiwa, anapata degedege au anazimia;
– upande mmoja wa mwili umelegea au maneno hayatoki;
– ni mjamzito, au amejifungua karibuni, na kichwa kinamuuma sana, anaona ukungu au amevimba uso na mikono. Hicho chaweza kuwa kifafa cha mimba kinachokuja;
– kichwa kimeanza baada ya kuanguka au kupigwa;
– ni kichwa kipya kwa mtu aliyepita miaka 50, au kwa mwenye upungufu wa kinga, au kinazidi siku hadi siku.

Na ukiwa na homa, omba upimwe malaria kwanza. Kipimo cha tone la damu hutoa jibu katika dakika chache. Tumeze dawa ya ugonjwa tulio nao.

KIKUNDI KILIVYOBADILIKA

Ndugu Mgeni Rasmi, tumesema mengi ya mwili. Tumalizie na la kikundi, maana ndilo lililotuleta hapa.

Baada ya mkutano ule kanuni zilibadilishwa kwa kura. Anayeumwa anaweza kutuma hisa na taarifa kwa mwenzake, na hapigwi faini. Kila mshika ufunguo ana msaidizi aliyechaguliwa na mkutano, anayeukabidhiwa ufunguo mbele ya shahidi, sanduku lisikwame tena. Mkutano ulihamishwa kutoka chini ya bati kwenda chini ya mwarobaini, na mtungi wa maji unawekwa kabla ya kuitana majina. Anayehitaji kwenda kuonwa hupewa nauli kutoka mfuko wa jamii.

Wapo waliohofia kwamba udhuru utazidi, kila mtu atasema kichwa. Haikutokea. Aliyeaminiwa alijitahidi kuja. Mama aliyekosa ada siku ile ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono kupitisha kanuni mpya, na alisema neno moja ambalo hatujalisahau: "Siku ile nilimkasirikia mtu, kumbe nilitakiwa niukasirikie ugonjwa."

Na zile faini mbili? Mkutano uliamua zirudishwe. Mwenzetu alizipokea, akazihesabu, akanunua hisa palepale.

Tuna ombi kwenu wote. Akina baba mliopo, mke akisema uso unapanda, zimeni redio na mchukue watoto. Walimu, mtoto anayelala juu ya dawati akishika upande mmoja wa kichwa msimchape kabla ya kumwuliza, kwa maana hata watoto hupata. Na wewe mama uliyekaa hapa, unayejificha gizani siku mbili kila mwezi ukisema ni majaaliwa, njoo kwetu baada ya chakula. Madaftari tumeleta, yamekwisha kupigwa mistari.

Mnauliza ufunguo uko wapi? Yule mama amekaa pale, safu ya pili. Ufunguo uko shingoni mwake, na leo saa tisa ndiye atakayefungua kufuli ya kwanza kwa ajili ya mgao wa miaka kumi.